Miji ya Thailand na Saa Zake: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari

Kaa na Mthai jioni, umuulize saa. Ikiwa ni saa tatu usiku, atakujibu "sam thum". Sam ni tatu. Saa moja usiku ni nueng thum, saa mbili ni song thum, na hesabu inakwenda bega kwa bega na yetu mpaka saa tano, ha thum. Mzungu anayejifunza Kithai huumwa kichwa na jambo hili, ila Mswahili halimsumbui. Angalia mambo mawili tu: hesabu yao ya mchana haifuatani na yetu hivyo, na tiketi, hoteli na vituo vya treni huandika kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 21:00 ndiyo saa tatu yako.

Nimeanza na saa kwa makusudi. Wengi hupanga miji ya Thailand kwa ramani: leo Bangkok, kesho Pattaya, keshokutwa Phuket. Wanafika mji mzuri siku isiyo yake, wanakuta soko limefungwa au hekalu limefurika watu na jua la saa saba, kisha wanarudi nyumbani wakisema Bangkok ni joto na foleni tu. Kila mji kule una siku yake na saa yake. Ukizijua hizo, miji mitatu itakushibisha kuliko saba ya kukimbizana.

Hatua ya 1: Karatasi

Viza huombwa kwa mtandao. Tangu Januari 2025 balozi zote za Thailand hutumia mfumo mmoja, thaievisa.go.th, na ubalozi wao ulio Nairobi huhudumia nchi kadhaa za ukanda wetu. Orodha za nchi zisizohitaji viza hubadilika, hivyo usitegemee alivyofanya rafiki yako mwaka juzi. Ingia kwenye mfumo na uchague pasipoti yako.

Viza ikishatoka, kuna fomu ya kuingilia nchini inayojazwa kwa mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Inaitwa TDAC, ilianza tarehe 1 Mei 2025, na ni bure. Tovuti inayokudai pesa kwa fomu hiyo si ya serikali.

Kuna jambo jingine linalowaponza watu wetu hasa: cheti cha homa ya manjano. Anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anatakiwa kuwa nacho, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Ukishuka uwanjani usiende moja kwa moja kwenye foleni ya uhamiaji. Tafuta kwanza dawati la afya, onyesha cheti na upate muhuri. Wasiojua hupanga foleni saa nzima, wakifika mbele wanarudishwa nyuma.

Uwe pia na tiketi ya kurudi, hoteli iliyolipiwa, na ushahidi wa fedha. Kanuni inataja baht 20,000 kwa mtu mmoja. Kwa hesabu ya haraka, baht 100 ni takriban dola 3 za Marekani.

Na hili nalisema bila kuzungusha. Kama safari yako ni "kazi ya kompyuta" au "huduma kwa wateja" Thailand, tiketi umekatiwa na mtu usiyemjua, na unaambiwa uingie kwa viza ya utalii, usiende. Vijana wetu wengi, Wakenya na Waganda hasa, wamepokewa Bangkok, wakapandishwa gari hadi Mae Sot mpakani, wakavushwa mto kuingia Myanmar na kufungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walitolewa huko, Waafrika Mashariki wakiwemo. Aliyetuma tiketi yako ndiye aliyekuuza.

Hatua ya 2: Msimu

Ndani ya kasri la kifalme Bangkok, katika hekalu la Wat Phra Kaew, kuna sanamu ndogo ya Buddha ya kijani, urefu wake kama sentimita 66. Inaitwa ya zumaridi, kumbe ni jiwe jingine tu la kijani. Mfalme huibadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka: vazi la joto, vazi la mvua, vazi la baridi. Hayo ndiyo majira ya nchi. Novemba hadi Februari ni baridi yao, yaani hewa ya kupumulika. Machi hadi Mei ni joto la kuchoma. Juni hadi Oktoba ni mvua, ingawa mara nyingi hupiga kwa kishindo alasiri kisha ikakatika.

Nenda Novemba hadi Januari ukiweza. Kaskazini uiepuke Februari mpaka Aprili, kwa sababu mashamba na misitu huchomwa moto, na moshi wake hufunika Chiang Mai hata mlima usionekane. Aprili 13 hadi 15 ni Songkran, mwaka mpya wao, na mji mzima humwagiana maji barabarani. Ni sherehe tamu, ila simu yako iwe ndani ya mfuko wa nailoni.

Hatua ya 3: Panga siku za wiki kwanza, miji baadaye

Chukua kalamu. Chatuchak, soko la Bangkok lenye vibanda zaidi ya 15,000, shughuli yake kubwa ni Jumamosi na Jumapili. Soko la mtaa wa Wua Lai, Chiang Mai, ni Jumamosi usiku, na la Ratchadamnoen ni Jumapili. Barabara ya Thalang ya Phuket mjini hufungwa magari Jumapili jioni kupisha soko. Soko la vito la Chanthaburi ni Ijumaa hadi Jumapili. Umeona tatizo? Kila kitu kinagombania mwisho wa wiki.

Kwa siku kumi na nne mimi ningekwenda hivi. Kufika Bangkok Jumatatu au Jumanne. Alhamisi usiku, treni ya Chiang Mai. Ijumaa mpaka Jumapili huko kaskazini. Jumatatu, ndege ya kwenda baharini au kurudi Bangkok. Mwisho wa wiki wa pili ni wa chaguo moja tu: Phuket, Chanthaburi au Chatuchak. Anayejaribu yote matatu ataona viwanja vya ndege tu.

Hatua ya 4: Bangkok, asubuhi sana na baada ya magharibi

Ukitua Suvarnabhumi (hutamkwa Suwannaphum), treni ya uwanjani hadi Phaya Thai huchukua karibu nusu saa kwa baht 45, na hapo unaunganisha na treni ya juu, BTS. Teksi ni halali pia, bora dereva awashe mita. Kutoka uwanjani huongezwa baht 50. Programu za Grab na Bolt zinafanya kazi. Tafuta chumba karibu na kituo cha BTS au cha treni ya chini, MRT. Bei rahisi mbali na kituo utailipia kwenye foleni.

Mji huu uliwekwa kuwa makao makuu mwaka 1782, na wenyewe huuita Krung Thep, mji wa malaika. Siku ya kwanza anza na kasri. Linafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, kiingilio baht 500. Uwe mlangoni kabla halijafunguliwa. Mabega na magoti yafunikwe. Anayevaa kanzu au dera hana shida, lakini kaptula zitakurudisha.

Karibu na lango huenda ukakutana na muungwana mmoja aliyevaa vizuri. Atakwambia kwa huruma kwamba kasri leo limefungwa kwa sababu ya sikukuu, lakini kuna bajaji itakayokuzungusha mahekalu mengine kwa baht 20 tu. Kasri halijafungwa. Bajaji itaishia kwenye duka la vito, na huko utaambiwa ununue mawe ya bei ya "mwisho leo" ukayauze kwenu kwa faida. Mtu aliyetoka nchi ya tanzanaiti asije akauziwa kioo Bangkok.

Kutoka hapo tembea kwa miguu hadi Wat Pho, alipolala Buddha wa dhahabu mwenye urefu wa mita 46. Kwenye eneo hilohilo kuna shule maarufu ya ukandaji wa Kithai. Halafu rudi chumbani ulale. Ndiyo, lala. Saa sita hadi saa tisa mchana, Bangkok haina cha kukupa isipokuwa jua.

Saa kumi na moja jioni shuka mtoni. Kituo cha BTS cha Saphan Taksin kiko juu ya gati ya Sathorn, na boti ya bendera ya rangi ya chungwa itakupandisha Chao Phraya kwa kama baht 16. Boti za watalii za bei kubwa ziko papo hapo, waachie wenyewe. Shuka Tha Tien utazame ng'ambo: Wat Arun. Jina lake maana yake ni Hekalu la Alfajiri, ila saa yake hasa ni magharibi, jua linapozama nyuma ya mnara na taa za chini zinaanza kuwaka. Usiku malizia Yaowarat, mtaa wa Wachina. Majiko ya barabarani huchangamka kuanzia saa moja, na Jumatatu wengi wao hupumzika.

Sasa biashara, maana najua wengine mnakuja na mabegi matupu. Pratunam ndiko kwenye nguo za jumla, na asubuhi mapema ndiyo saa yake. Bei hushuka ukichukua vipande vitatu au zaidi vya aina moja, hata rangi zikitofautiana. Ukishindwa kuzungumza, toa simu, fungua kikokotoo, muandikiane namba. Mawakala wa mizigo ya kwenda Afrika wako mitaa hiyohiyo. Linganisha bei za kilo kwa watatu kabla ya kukabidhi mzigo, na uliza bei inaishia bandarini au mlangoni kwako.

Kutoka Pratunam panda boti ya mfereji wa Saen Saep badala ya teksi. Mfereji huu ulichimbwa kati ya 1837 na 1840. Boti hufika kwa fujo, hukaa gatini sekunde chache, na abiria wa pembeni huvuta pazia la nailoni ili maji machafu yasiwarukie. Nauli haifiki bei ya soda mbili. Njiani utapita Bobae, soko jingine la nguo za jumla, na kabla ya kuifikia Bobae kuna Ban Khrua, mtaa wa Waislamu wa Kicham waliokuwa wafumaji hodari wa hariri.

Kuhusu chakula cha halali usihangaike. Mtaa wa Sukhumvit 3 umejaa mikahawa ya Waarabu, na wageni wa Muscat na Dubai wanaujua kama nyumbani. Kwingine tafuta neno halal kwa maandishi ya Kiarabu kwenye alama ya kijani. Pasipo na alama, sema "mai sai mu", usiweke nguruwe. Na "mai phet" ni bila pilipili. Watacheka, wataweka kidogo, na hicho kidogo kitakutoa machozi.

Hatua ya 5: Ayutthaya, kwenda na kurudi siku moja

Ni kama kilomita 80 kaskazini mwa Bangkok. Treni ya daraja la tatu huchukua saa moja na nusu hivi kwa nauli ya chini kabisa, madirisha wazi, wauza vyakula wakipita. Hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya ufalme kuanzia 1350 hadi jeshi la Burma lilipouteketeza mji mwaka 1767. Kodi baiskeli ukifika, na nenda kwanza Wat Mahathat, ambako kichwa cha sanamu ya Buddha kimekumbatiwa na mizizi ya mti. Ukipiga picha nacho, chuchumaa. Kichwa chako kisiwe juu ya chake. Uwe umemaliza kabla ya saa tano.

Hatua ya 6: Chiang Mai, fika Ijumaa asubuhi

Treni maalumu ya usiku huondoka kituo kikuu cha Krung Thep Aphiwat saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na kufika saa moja na robo asubuhi, baada ya kilomita karibu 750. Angalia tiketi yako: watu wengine bado huenda Hua Lamphong, kituo cha zamani, ambako treni za mbali ziliondolewa Januari 2023. Kata kitanda cha daraja la pili wiki kadhaa mapema. Kitanda cha chini ni kipana na ghali kidogo. Kiyoyozi huwa kikali, beba kikoi.

Kwa nini Ijumaa? Kwa sababu ukishuka tu kituoni unaweza kwenda moja kwa moja kwenye soko la Kad Baan Haw, jirani na msikiti wa Ban Ho, linalofanyika Ijumaa asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Limeanzishwa na Waislamu wenye asili ya Yunnan, Uchina, ambao babu zao walikuja na misafara ya nyumbu wakifanya biashara. Utakuta mboga za milimani, chai, maandazi ya kukaanga, nyama kavu ya ng'ombe. Kula khao soi hapo: tambi kwenye mchuzi wa nazi wa bizari, juu yake tambi nyingine za kukaanga, pembeni ndimu na achari. Mtu wa Pwani akionja kijiko cha kwanza atatafuta ni nani wa kwao aliyeko jikoni.

Mji mkongwe ni mraba uliozungukwa na handaki la maji, kila upande kama kilomita moja na nusu, uliojengwa na Mfalme Mangrai mwaka 1296. Tembea kwa miguu. Wat Chedi Luang ina mnara uliobomoka kileleni kwa tetemeko la 1545, na ile sanamu ya kijani uliyoiona Bangkok iliwahi kuwekwa hapa. Magari mekundu yanayozunguka ni songthaew, maana yake safu mbili, kwa mabenchi mawili yanayotazamana. Aliyepanda daladala za shamba Unguja hahitaji maelezo. Mwambie dereva unakokwenda, akikubali panda, lipa ukishuka.

Doi Suthep, hekalu la mlimani, lina ngazi zaidi ya 300. Panda saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mabasi. Habari ya ndovu naipita haraka: aliyekulia karibu na Mikumi au Amboseli hana haja ya kulipia kumwogesha ndovu, na penye kupanda mgongoni usiende kabisa.

Jumamosi usiku Wua Lai, mtaa wa mafundi fedha. Jumapili Ratchadamnoen, fika saa kumi na moja jioni. Kuanzia saa moja hakuna pa kukanyaga. Ukiwa na siku ya ziada, Chiang Rai ni mwendo wa saa tatu hivi kwa basi, kwa wale wanaotaka kuliona hekalu jeupe la msanii Chalermchai Kositpipat.

Hatua ya 7: Bahari, kama unaihitaji

Mtu wa Zanzibar, Diani au Mafia, usiende Phuket kwa ajili ya mchanga, mchanga unao. Nenda kwa mji wake mkongwe. Utajiri wa madini ya bati uliwaleta Wachina, nao wakajenga nyumba ndefu nyembamba, duka chini na makazi juu, mbele kuna kibaraza cha kupitia wenye miguu wasinyeshewe. Waislamu ni wengi kisiwani, roti na mchuzi vinapatikana asubuhi kila kona. Jumapili jioni ingia Barabara ya Thalang. Kati ya Mei na Oktoba bendera nyekundu ufukweni si pambo, mkondo unachukua watu kila mwaka. Teksi za kisiwani ni ghali, hivyo lala karibu na unachotaka kuona.

Pattaya iko saa mbili kwa basi kutoka Bangkok. Ni mji wa starehe za usiku, na asiyezitaka hana la kufuata isipokuwa boti ya kwenda kisiwa cha Koh Larn.

Hatua ya 8: Chanthaburi, mji usiotajwa

Ni mwendo wa saa nne hivi kwa basi kutoka kituo cha Ekkamai, Bangkok. Watalii wachache hufika, lakini kwangu mimi ndio mji wenye uhusiano wa karibu zaidi na sisi. Yakuti zilipogunduliwa Tunduru katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi wa Kithai walijaa huko. Ndivyo ilivyokuwa pia Winza na Msumbiji baadaye. Mawe mengi waliyonunua yaliletwa Chanthaburi kuchomwa kwa moto ili rangi ifunguke, kisha kukatwa.

Nenda Jumamosi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Soko linakwenda kinyume na masoko mengine: mnunuzi ndiye anayekodi meza na kukaa, wauzaji wanapita na vikaratasi vilivyokunjwa wakimwaga mawe mbele yake. Utawakuta Wahindi, Waafrika, Wathai, kila mmoja na kurunzi na lenzi yake. Kutazama ni bure. Kununua bila cheti cha maabara ni kamari.

Fedha, adabu na sheria

Beba dola mpya za noti kubwa, kwa maana noti za 50 na 100 hupewa bei nzuri kuliko ndogo. Shilingi zetu usizitegemee. Mashine za kutolea fedha hukata baht 220 au zaidi kwa kadi ya kigeni kila unapotoa, kwa hiyo toa kwa mkupuo.

Kichwa cha mtu hakiguswi, hata cha mtoto. Unyayo hauelekezwi kwa mtu wala sanamu. Noti iliyoanguka usiikanyage, ina picha ya mfalme, na kumkashifu mfalme ni kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Sigara za kielektroniki ni marufuku. Bangi, uliyoisikia imeruhusiwa 2022, ilibanwa tena 2025.

Siku ya kuondoka

Kama ulinunua vitu vya baht 2,000 au zaidi kwenye duka moja kwa siku, na duka likakupa fomu ya watalii, unaweza kurudishiwa kodi. Kabla ya kukabidhi mabegi, uliza dawati la forodha kama fomu yako inahitaji muhuri, kisha chukua fedha zako ukishavuka uhamiaji.

Na soma tiketi mara mbili. Ndege nyingi za kuja kwetu huondoka baada ya saa sita usiku, na hapo ndipo saa ya Kithai inapoachana na yetu: saa saba usiku kwao ni ti nueng, moja. Tiketi iliyoandikwa Jumapili 01:00 ni usiku wa kuamkia Jumapili. Uwe uwanjani Jumamosi saa nne usiku, si thum.